Rota Ilipotazama Saa Kumi

Ninyi mnaokaa barazani kwangu mmeshaniuliza vya kutosha, na kila anayeuliza anakuja na jibu lake tayari. Mmoja amesikia nilichelewa Newala kwa sababu nilikuwa napatana bei. Mwingine amesikia gari lilitumbukia. Wa tatu, ambaye simtaji kwa kuwa tunasali safu moja, amesikia nilipitia kwa mwanamke. Basi nimekaa nikaandika, mara moja kwa wote, ili nisirudie. Yule wa kupatana bei ndiye aliyekaribia.

Masasi

Habari ililetwa na kondakta wa basi, kwa mdomo, akiwa amening'inia mlangoni na gari linatembea: bibi yangu mzaa mama, kijijini kupita Newala, hali yake mbaya, anamtaka Bakari.

Bakari ni mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa hajakanyaga kwa mama yake miaka saba. Ilipoanza miaka ya ruksa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda uwandani Newala na magari yao, kila mtu alitafuta kitu cha kuuza. Mjomba aliuza mikorosho ya mama yake, mama mwenyewe akiwa amelazwa hospitali. Bibi alipotoka alikuta mtu asiyemjua ameketi chini ya mti alioupanda kwa mkono wake, anakula chakula cha mchana. Akasema Bakari asikanyage uani kwake. Hakusema zaidi ya hapo, na ndilo lililomtisha mjomba. Mama akikutukana umepona. Mama akinyamaza ndipo pabaya.

Tangu hapo mambo yalimwendea kombo. Alikuwa fundi magari, na fundi hasa. Gereji yake ikafa, macho yakaingia ukungu, mikono ikaanza kutetemeka, miguu ikavimba. Daktari alitaja sababu tatu. Mjomba alikuwa na moja tu. Akaja kuishi kwangu Masasi, chumba cha uani, na sasa alitaka kitu kimoja duniani: amkute mama yake ana pumzi, amwombe radhi.

Nilimwambia tutaondoka kesho asubuhi, saa kumi na mbili. Aliamka mapema kabisa, akaoga, akavaa kanzu, akakaa kwenye kiti ameshika fimbo kama mtu anayengojea kuitwa mahakamani.

Hapa ndipo pa kupatana bei. Petroli ya pampu ilikuwa imekwisha, wakasema lori litaingia kesho yake. Lakini miaka hiyo kila mwenye pipa na mpira wa kunyonyea alikuwa kituo cha mafuta. Nikampakia mjomba, tukaenda kwa mmoja nyuma ya soko. Akataja bei, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Nikaanza kuondoka, hatua moja, ya pili, na kabla ya ya tatu akaniita, akakubali. Mtu akishuka bei upesi namna ile, ujue bidhaa ina jambo. Kanuni hiyo naijua vizuri, nimewauzia wengi kwa kanuni hiyo hiyo. Lakini siku ile nilijiona mjanja, nikajaza tangi.

Tena nikaona gari lisiende bure. Nikapakia mifuko ya salfa, ule unga wa manjano wa kupulizia mikorosho, kwa kuwa mikorosho ilikuwa inatoa maua na Newala ningeiuza. Kumi na minne. Niliihesabu ikipanda, nikaihesabu ikiwa imekaa. Mjomba aliniuliza ni nini hicho kinachopigapiga nyuma. Nikamwambia mizigo kidogo. Akasema, "Tunakwenda kwa mgonjwa, Issa." Nikamwambia mgonjwa hazuii mzigo. Tukaondoka saa moja kasorobo.

Njia panda ya Lulindi

Gari langu mnalijua: pikapu Stauti, nimeirithi kwa watu wanne, na kila mmoja aliondoka na kipande chake. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, vumbi nyuma, milima ya mawe ya Masasi ikipungua kwenye kioo. Mjomba alikuwa ameegemea dirisha, jicho halioni lakini sikio limesimama.

"Inagonga," akasema.

Nikamwambia ni mifuko.

"Mifuko haigongi ukikanyaga mafuta ikanyamaza ukiachia. Hiyo ni injini."

Kwenye njia panda ya kwendea Lulindi tulisimama kula. Mama mmoja alikuwa na ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile myembamba ya porini, pamoja na chumvi na pilipili kwenye karatasi. Mafungu yake yalikuwa na vipande saba saba, isipokuwa langu lenye sita. Nilihesabu tena: sita. Nikamwonyesha. Akasema la kwangu vipande vyake vinene. Tukabishana kwa heshima hadi mjomba akasema, "Mpe pesa yake tuondoke," kwa sauti ambayo hata yule mama aliiogopa. Akaongeza kipande.

Mjomba hakula. Alinyoosha fimbo upande wa Lulindi, ambapo asingepaona hata kama macho yangekuwa mazima, akasema huko ndiko alikojifunzia ufundi, gereji ya misheni, yeye kijana wa Kiislamu peke yake kati ya wana wa walimu na wa makatekista, wakifundishwa na Mzungu mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mkasi, anakata tu. Kisha akarudi kwenye jambo lake. Akanieleza, na naandika kama alivyosema, maana baadaye lilitugharimu.

Moto wa plagi, alisema, hauji pistoni ikiwa imeshafika juu. Unaitwa kabla kidogo, kwa sababu petroli nayo inahitaji muda kushika. Ukiitwa mapema mno, au petroli ikiwa mbovu ikajilipukia yenyewe, mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda na kuipiga kichwani. Ndiyo ile sauti ya kugonga.

"Injini yako inaitikia marahaba kabla shikamoo haijaisha," alisema. "Tambarare itakuvumilia. Mlimani itakufia. Simama hapa turudishe moto nyuma kidogo. Ni kazi ya dakika kumi."

Nikatazama saa. Dakika kumi za fundi nazijua, huzaa watoto. Nikamwambia tumechelewa, tutafika tu. Aliniomba mara mbili. Mara ya pili aliniita kwa jina la baba yangu. Nikawasha gari.

Mlimani

Anayekwenda Newala kutoka huku kwetu lazima apande. Uwanda umekaa juu kama meza, na barabara inaparamia ukingo wake kwa kona, kokoto na makorongo. Kona ya kwanza tulipita na gia ya pili. Ya pili tukapita na ya kwanza. Baada ya hapo injini ikaanza kulia kama debe lililotiwa mawe, sindano ya joto ikapanda hadi mwisho wake, na kwenye kona ya tatu gari likatoa mvuke, likatikisika, likafa. Saa yangu ilikuwa saa nne na dakika tano.

Niliweka mawe nyuma ya magurudumu. Mjomba hakusema "nilikwambia." Ningefurahi angesema.

Aliniambia kwanza maji. Nilikuwa na lita tano kwenye dumu. Nikafungua rejeta mapema, kwa haraka zangu, ikanitemea mvuke mkononi, na nilipomimina maji yangu yaliingia yote na bado ndani kulikuwa kukavu. Na hapo ndipo nilipokumbuka mahali nilipo. Uwanda wa Makonde hauna maji. Watu wa juu wanateremka bondeni kuyafuata, wanapanda nayo kichwani.

Tulikaa. Nzi walikuwepo. Halafu akatokea mama wa makamo anapanda, ndoo kichwani, majani yametandazwa juu ya maji yasimwagike, shingo haitikisiki. Nikamwamkia, akaitika, akatua ndoo yake. Nikamweleza shida yetu. Nikamtajia bei. Akanitazama tu. Nikadhani anataka zaidi, nikaongeza kidogo. Kidogo sana, mazoea ni kitu kibaya.

"Mwanangu," akasema, "bei ya maji haya ni kuyafuata."

Sikumwelewa. Mjomba alimwelewa, maana nilimsikia anacheka puani mle ndani ya gari. Yule mama akaeleza polepole, kama mtu anayeongea na mgeni: hela yangu haichoti maji. Yeye atanipa maji ya ndoo yake niyatie kwenye rejeta, mimi nitaichukua hiyo ndoo tupu, nitateremka kisimani, nitamletea nyingine. Yeye atakaa kivulini na mzee. Jina lake Mama Zainabu.

Katika maisha yangu ya biashara sijawahi kukutana na mtu asiyeacha hata upenyo wa kuingiza kidole. Niliteremka.

Kisima kilikuwa mbali kuliko alivyoonyesha kwa mkono, na kilikuwa na foleni. Wanawake kumi na mmoja. Nilihesabu, kisha nikahesabu tena kwa kuwa mmoja alikuwa ameniingilia. Walinicheka kwa Kimakonde, ambacho ninakisikia vizuri, na sikuwaambia. Nilipanda na ndoo begani, kisha kichwani, kisha mikononi, kisha begani tena. Nilipofika juu ilikuwa imebaki nusu na kanzu yangu imekunywa nusu nyingine. Mama Zainabu akachungulia ndani ya ndoo kwa muda mrefu. Akasema nusu siyo mbaya kwa mwanamume, lakini hataondoka mpaka tumpandishe kwa gari, hiyo ndiyo nusu ya pili.

Ilikuwa karibu saa sita.

Mjomba alikuwa bado amekaa ndani, miguu yake haikumruhusu kushuka ovyo. Akaniita dirishani.

"Petroli yako ina mafuta ya taa."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilinusa tangu Masasi, ulipokuwa unajaza."

"Mbona hukusema?"

Alisema, "Ningesema ungeirudisha, tungengoja lori la kesho. Leo nimeamka nina moyo wa kwenda. Wa kesho sikuwa na hakika nao."

Yeye alikuwa ameogopa siku, mimi nilikuwa nimeokoa shilingi.

Kazi ya dakika kumi

Yeye macho hana na mikono inatetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho na mikono, naye mdomo. Alinielekeza kutoka kwenye kiti. Kwenye injini kuna distribyuta, kile kichwa cheusi chenye nyaya tano, kinachogawa moto kwa plagi nne. Ndani yake kuna rota, kidole kidogo kinachozunguka kikionyesha moto uende plagi ipi. Chini shingoni pana bolti moja. "Ilegeze," alisema, "usiitoe. Halafu kizungushe kichwa chote kwa unene wa ukucha, kuelekea rota inakokwenda. Moto utarudi nyuma."

Nililegeza. Kichwa hakikuzunguka, kilikuwa kimeganda kwa vumbi na mafuta ya miaka. Nikalegeza zaidi. Bado. Nikaitoa bolti, nikaiweka mfukoni, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikapinda na kuvuta. Kikatoka. Kilitoka chote na mti wake wa chini, na gia ya mwisho ikadondosha oili kwenye viatu vyangu.

"Kimezunguka?" akauliza mjomba.

"Kimetoka."

"Kimetoka kiasi gani?"

"Nimekishika mkononi."

Nilimsikia Mama Zainabu akitafuna kitu.

Mjomba hakufoka. Alivuta pumzi, akaanza upya, kama mwalimu anayefuta ubao. Toa plagi ya kwanza. Ziba tundu lake kwa kidole gumba. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli, lile gurudumu la mkanda, taratibu. Upepo ukikisukuma kidole, pistoni ya kwanza inapanda kubana. Endelea hadi alama kwenye puli itazamane na kishale. Hapo usiguse tena. Sasa rudisha distribyuta.

"Rota itazame saa kumi," akasema. "Ukiwa umesimama mbele ya gari, rota itazame saa kumi."

Saa kumi naijua tangu utoto: mkono mfupi kwenye nne. Nikaielekeza pale pale, nikabana, nikarudisha nyaya kwa mpango alionipa, moja, tatu, nne, mbili. Nikazihesabu tena. Nikamwambia mjomba apige stata.

Gari likapiga chafya. Mwali ukatoka kwenye kabureta ukaniramba nyusi. Mnaniona hivi zilivyo, jibu ndilo hilo.

Tukarudia kila kitu. Kidole, upepo, alama, saa kumi, nyaya. Chafya. Betri ikaanza kuchoka, tukaacha stata, tukawa tunawasha kwa kuliachia gari lirudi nyuma mteremkoni na gia ya riversi, Mama Zainabu akifuata na mawe yake ya kuzuia. Chafya, na moshi, na kimya. Kila jaribio lilituteremsha. Kona niliyoipanda asubuhi kwa taabu nilikuwa ninairudisha kwa awamu.

Mjomba alikuwa ananiuliza maswali yale yale kwa sauti ile ile. Upepo umesukuma? Umesukuma. Alama? Ipo. Nyaya? Moja, tatu, nne, mbili. Rota? Saa kumi, mjomba. Kisha hakuuliza tena. Nilimwona anachezesha midomo, na hakuwa anaongea na mimi. Jua lilikuwa limeshapita kichwani. Kule juu kulikuwa na mwanamke anasubiri, na kila mmoja wetu alijua, na hakuna aliyemtaja.

Mwishowe akasema ateremshwe. Tulimshusha, mimi upande huu na Mama Zainabu upande ule, tukamwegemeza kwenye bampa. Akaingiza mkono wake unaotetemeka kwenye injini, polepole, akapapasa mpaka akaipata rota. Akaigusa ncha kwa kidole cha shahada kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

"Hii inatazama saa nne," akasema.

"Saa kumi, mjomba."

"Nne."

"Kumi. Naiona."

"Mimi naishika, wewe unaniambia unaiona? Nne hii!"

Mara ya kwanza siku ile alipaza sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nikapaza yangu. Tulibishana nne na kumi kama watu wa mnadani. Mama Zainabu akaja akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akaitazama saa yangu. Akauliza ikiwa saa kumi, mkono mfupi unakuwa kwenye namba gani.

"Kwenye nne," nikasema.

"Na ikiwa saa nne?"

"Kwenye kumi."

"Basi wote mnasema kweli," akasema. "Mzee anasoma namba. Wewe unasoma saa."

Mjomba aliegemea gari. Akasema pale gereji ya misheni palikuwa na saa mbovu ukutani, mikono imetoka, imebaki sura tu, na yule Mzungu alikuwa anawafundisha kwa kuigonga kwa fimbo. Saa kumi, anagonga palipoandikwa kumi. Saa mbili, anagonga palipoandikwa mbili. Maisha yake yote ya ufundi alikuwa na saa mbili kichwani: moja ya kuswali na kula, nyingine ya injini, na hazikuwahi kugongana, kwa sababu hakuwahi kumwelekeza mtu kwa mdomo. Alikuwa akifanya mwenyewe.

Kati ya nne na kumi kwenye sura ya saa ni nusu duara kamili. Nilikuwa nimeweka moto kinyume kabisa. Kila pistoni ilipotaka moto ilipewa nyingine.

Niliinua distribyuta, nikaigeuza, nikairudisha. Tuliachia gari mara moja tu. Likaguruma.

Halafu likaja lile la dakika kumi. Injini inaunguruma, mjomba amesimama ameinamisha sikio, mimi nimeshika kichwa cha distribyuta na bolti imelegea kiasi tu, si zaidi. "Rudisha," anasema. Nazungusha. "Bado inadakia. Rudisha. Rudisha. Hapo imelala sasa, ongeza unywele. Hapo. Iache imalize kusalimia." Nikakaza. Ile sauti ya mawe ilikuwa imekwisha. Sijui injini, lakini nilijua nasikia kitu kilichofanywa na mtu anayekijua. Uso wake kwa muda mfupi ulikuwa wa zamani, wa mtu mwenye gereji.

Kisha akasema, "Mifuko."

Niliishusha yote kumi na minne, nikaipanga kando ya barabara pasipo mlinzi. Siku nne baadaye niliporudi niliikuta kumi na minne. Nilihesabu mara tatu, kwa aibu.

Newala, na mbele kidogo

Gari lilipanda kivivu lakini halikugonga. Mama Zainabu alikaa nyuma na nusu ndoo yake mapajani, hakumwaga tone. Tulimshusha kwenye kijiji chake juu ya ukingo, akamwambia mjomba, "Mwenyezi Mungu akukutanishe naye." Mimi akaniambia nijifunze kubeba maji.

Newala mjini tulipita bila kusimama. Upande wa kulia ardhi inaanguka hadi bonde la Ruvuma, na kwa kawaida mimi husimama pale nikatazama. Mjomba aliniuliza kama tumeshafika penye upepo. Nikasema tumefika. Akafunga kifungo cha shingo cha kanzu.

Tuliingia uani kwa bibi karibu na magharibi. Nilijua kabla sijazima injini. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye mikeka, na hakuna aliyeinuka kutupokea. Mama mkubwa Asha, dada yake mjomba, alitoka ndani na kanga kichwani. Alimfuata mjomba dirishani, hakumpa mkono wa salamu, alimshika usoni.

"Baada ya alasiri," akasema.

Nilipiga hesabu. Wakati ule tulikuwa tunashusha salfa. Kama ningesimama njia panda tungefika kabla ya adhuhuri. Kama ningenunua petroli ya kweli, au ningelegeza bolti nisiitoe. Nilizijumlisha zote, nikaanza tena kutoka juu, jumla ikawa ile ile.

Mjomba aliuliza jambo moja: aliacha neno? Mama mkubwa akasema wataongea. Mjomba akalala pale nje, macho wazi.

Asubuhi kabla ya kutoka na jeneza kukawa na mazungumzo ya nani ashuke kaburini kumpokea. Mwana ndiye anayeshuka. Lakini Mzee Hamisi, mdogo wake bibi na mkubwa wa ukoo sasa, alisema mbele ya wote, bila chuki, kama anayesoma sheria, kwamba kuitwa si kusamehewa, na aliyekatazwa ua na marehemu hawezi kumshika marehemu. Watu wakatazama chini. Mjomba hakujitetea. Alianza kurudi nyuma, fimbo ikitafuta mahali pa kukaa.

Mama mkubwa Asha akatoka ndani na kusimama mlangoni.

"Jana mchana aliuliza mmefika wapi," akasema, akimtazama Mzee Hamisi. "Tukamwambia labda gari limeharibika mlimani. Akasema, kama gari atalishika Bakari, litafika. Ndivyo alivyosema mama. Hakusema tena neno jingine mpaka mwisho."

Mzee Hamisi akanigeukia mimi, mwenye gari.

"Issa, gari liliharibika?"

"Ndiyo, babu."

"Nani alilishika?"

Mikono yangu ilikuwa na oili kwenye kucha na lengelenge la mvuke. Nilimwona anaitazama. Mjomba alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yangu, anangoja, na sijui alitaka niseme nini.

"Mjomba Bakari," nikasema. "Mimi nilikuwa namshikia spana."

Mzee Hamisi aliitazama mikono yangu kidogo zaidi. Kisha akasema, "Mpisheni."

Makaburini nilimwongoza mpaka ukingoni. Nikamwambia kina kinamfika kifuani, chini ni mchanga laini, wapo wawili ndani watamshika. Akavua viatu, akanipa fimbo, akashuka. Walipoanza kumteremshia mama yake akainua mikono yote miwili. Nilikuwa natazama kama itatulia. Haikutulia. Ilitetemeka vile vile, na sanda ikatetemeka nayo, lakini alimpokea, akamlaza ubavu wa kulia, akapapasa mpaka akahakikisha uso umeelekea panapotakiwa, na hakukubali kutolewa mpaka alipomaliza.